Kompresa ya lita 50, bunduki mbili na Corolla 100 ya mzee

Kabla hamjaniuliza, hapana, mimi sio fundi rangi, ni mtu wa ofisini tu mwenye uani mkubwa Tabata na mke mvumilivu, kwahiyo haya naandika kama mteja aliyenunua vitu kwa hela yake akavitumia mwenyewe. Nilipokuwa natafuta mtu wa kunipa ukweli kuhusu hizi kompresa ndogo na bunduki za rangi wanazouza Kariakoo sikumpata, kila muuza duka anakuambia "hii inapiga gari nzima boss", saivi nishajua gari anayoisemea labda ni ile ya plastiki ya mtoto.

Gari yenyewe ni Corolla 100, AE100 ya mwaka 1993, injini 5A, nyeupe. Ilikuwa ya baba mkubwa, ameiendesha mpaka macho yakamkatalia, akaipaki chini ya mwembe Kigamboni ikakaa miaka mitatu. Anayejua mwembe anajua, utomvu, kinyesi cha popo, majani yanaenda kuziba matundu ya maji pale chini ya kioo cha mbele, afu changanya na hewa ya bahari, kutu inakula kama imealikwa. Injini haikuwa na neno, betri mpya na petroli mpya ikawaka, hizi 5A zina roho ngumu sana. Ila bodi sasa. Paa na boneti ukipitisha kidole kinatoka na unga mweupe kama umeshika chokaa, na pale juu ya matairi ya nyuma unaona ndani bila kufungua mlango.

Niliuliza gereji tatu. Wa kwanza milioni moja na laki mbili, wa pili zaidi ya hapo, wa tatu laki nane lakini yeye anapiga rangi pembezoni mwa barabara kabisa bodaboda zikipita na vumbi lao, nikasema kama ni kupigiwa rangi kwenye vumbi hata mimi nnalo nyumbani. Ndo ujinga ulipoanzia.

Kompresa nilinunua ile inayopatikana kila duka, tangi lita 50, hospawa 2, ile ambayo mota imeunganika na pampu moja kwa moja bila mkanda, 380,000. Kwa kujaza upepo matairi ni nzuri mno, kwa kupuliza vumbi ni nzuri, majirani wote sasa wanakuja kwangu kujaza baiskeli za watoto. Kelele zake ni balaa, siku ya kwanza kuiwasha mama mmoja jirani alituma mtoto aje aulize kama tumefungua mashine ya kusaga. Tatizo sio kelele lakini. Tatizo ni kwamba ubavuni imeandikwa lita 206 kwa dakika, na mimi nikaona namba kubwa nikafurahi, kumbe hiyo ni hewa inayovutwa na pampu, inayotoka kwenye mpira ni pungufu ya hapo. Na bunduki niliyouziwa pamoja nayo, HVLP (aina inayotumia hewa nyingi kwa presha ndogo) ya 75,000 yenye kikombe juu na nozo, yaani tundu la kutolea rangi, ya milimita 1.4, ukisoma karatasi yake inataka karibu lita 300 kwa dakika. Sasa fanya hesabu mwenyewe, kifaa kinakula 300 na jiko linapika chini ya 200.

Kilichotokea ni hiki. Nikaanza mlango wa nyuma kushoto, sekunde za mwanzo rangi inatoka safi kama moshi, nikajiona fundi, nusu ya mlango upepo kwenye geji unashuka, rangi inaacha kuwa moshi inakuwa mate, inatema matone, ile nusu ya pili ya mlango ikakauka ikiwa kama ganda la chungwa. Ukisimama kusubiri tangi lijae, ile ya mwanzo imeshaanza kushika na ukirudi unaona mpaka. Nikaosha bunduki, nikarudisha msasa kwenye mlango wote, wiki nzima sikutaka kuiona.

Aliyeniokoa ni kijana mmoja anayepiga vanishi makochi huku kwetu, akaja akaangalia akacheka, akasema tatizo lako sio rangi wala mkono, ni upepo, kwa kompresa hiyo tafuta bunduki ya LVLP, ile inayotumia hewa kidogo kwa presha ndogo. Sikuwahi kusikia. Nikaenda nikaitafuta, 120,000, ghali kuliko ya kwanza, nozo 1.3, na yenyewe inakula kama lita 120 hivi kwa dakika. Aisee ni vitu viwili tofauti kabisa. Inapiga taratibu, upana wa mpulizo wake ni mdogo kwahiyo unapita mara nyingi zaidi, paa ilinichukua muda mrefu mpaka mkono ukafa ganzi, lakini upepo haushuki na rangi inatoka vilevile mwanzo mpaka mwisho. Hii bunduki naipa 9 kwa 10, ile moja inayobaki ni kwa sababu kifuniko cha kikombe kinavuja ukiinamisha, nimedondosha rangi kwenye boneti mara mbili mpaka nikazoea kufunga kitambaa shingoni kwake.

Kompresa naipa 5. Ningeipa 6 ila kuna habari ya maji. Sisi watu wa pwani hewa yetu ina maji jamani, na kompresa ikiikamua hayo maji yanabaki kwenye tangi. Kuna koki ndogo chini ya tangi, hakuna aliyeniambia niifungue, nilipoifungua baada ya siku mbili za kazi yakatoka maji kama chai ya rangi, karibu kikombe kizima. Na mengine yalikuwa yameshapita kwenye mpira yakaenda kwenye boneti, praima (ile rangi ya chini ya kuanzia) ikatoka vishimo vishimo kama uso wa mtu aliyetoka kuugua tetekuwanga. Nikanunua kichujio cha maji 35,000, nikakifunga palepale hewa inapotokea kwenye kompresa, haikusaidia kitu. Kumbe hewa ikitoka kwenye pampu ni ya moto, maji yake bado ni mvuke, yanapita kwenye kichujio kama hayapo, lazima hewa ipoe kwanza. Nikanunua mpira wa mita 15, kichujio nikakihamishia mwisho karibu na bunduki, hapo ndo nikaanza kuona maji yanakaa kwenye kile kikombe cha kioo. Na koki ya tangi naifungua kila asubuhi na kila mapumziko.

Huo mpira mrefu ulinitatulia na tatizo jingine. Mwanzoni kompresa nilikuwa naisogeza karibu na gari kwa ekstensheni ya kawaida hii ya kuchajia simu, siku ya tatu nikasikia harufu, kufika plagi imelainika kama mshumaa. Hiyo mota ikianza inavuta umeme mwingi ghafla. Kompresa ichomekwe kwenye soketi ya ukutani, kinachorefushwa ni mpira wa hewa. Nashukuru Mungu nilikuwepo uani, angekuwepo mtoto peke yake sijui.

Haya, duka la rangi. Lipo Gerezani, jina sitaji maana malalamiko yangu nilishampa mwenyewe uso kwa uso na mengine alinifidia. Mara ya kwanza nilifika nikasema nataka nyeupe ya Corolla, kijana wa kaunta akaniambia nyeupe ni nyeupe tu bro, akanitolea kopo la kwenye shelfu. Nimefika nyumbani nimepaka kidogo ndani ya buti, imekuja nyeupe ya friji, ina ubluu, gari yangu pembeni yake inaonekana kama imevuta sigara miaka 30. Elfu arobaini hiyo imelala stoo mpaka leo.

Mara ya pili nikajipanga. Kwenye gari, ndani ya boneti, ukutani nyuma ya injini kuna kibati, tafuta palipoandikwa COLOR, yangu ni 040, hiyo ndo Super White ya Toyota na utaikuta kwenye Toyota nyingi. Nikaenda na hiyo namba pamoja na kifuniko cha tenki la mafuta nimekifungua nimekiweka mfukoni. Safari hii alikuwepo mzee wa ndani, mwenye mzani na kompyuta, akapima tone kwa tone, akapaka kwenye kadi, akaikausha, akaiweka juani nje pamoja na kifuniko changu, akarudi akaongeza kitu kama kichwa cha njiti cha rangi ya njano. Nusu saa nzima kwa rangi ya 45,000 lita. Nikamuuliza mbona unaongeza wakati namba ni ileile, akanijibu namba ni ya gari ilivyotoka kiwandani, yako imeshapigwa jua. Huyo mzee anastahili 10 na soda juu. Ukienda duka lolote la rangi usiongee na kaunta, ulizia anayekaa na mzani.

Duka lenyewe nalipa 6 kwa sababu ya hadna, ile dawa ya kukazia rangi. Rangi niliyochukua ni 2K, yaani rangi na hadna yake, hazikauki kwa hewa tu kama hizi za kawaida za thina, zinashikana zenyewe kwa kemikali na zikishashikana hata petroli ikimwagika haziachii. Nimeipenda pia kwa sababu nyeupe isiyo na chenga za kumeta unaweza kupiga 2K ya kung'aa moja kwa moja bila kilia (ile vanishi isiyo na rangi) juu yake, hatua moja imepungua. Sasa hadna wakanipimia kwenye chupa ya maji ya kunywa! Ile chupa ya nusu lita, kizibo kilekile, kitu kisafi kama maji, nina watoto wawili. Nilirudi hukohuko siku hiyohiyo nikawarudishia wakanipa kopo lenye lebo, na ni hapo kwenye lebo ndo nikagundua walichokuwa wamenipimia ni hadna ya haraka. Kwa joto la Dar hadna ya haraka ni kesi, rangi inaanza kukauka ikiwa hewani kabla haijafika kwenye bati, ukigusa unakuta kama mchanga. Omba ya taratibu, kopo lake lifungwe, na soma vipimo vya kopo lako, langu lilikuwa rangi mbili hadna moja na thina kidogo, ukikosea hapo haijalishi umenunua bunduki gani. Na changanya kidogokidogo, ikishachanganywa haingoji.

Hiyo hadna ina kitu kinaitwa isosayaneti, kinaharibu mapafu, kuna watu wamepata pumu ya kudumu kwa hiyo kazi. Barakoa ya corona haifanyi kitu hapo. Nilinunua ile ya mpira yenye vichujio viwili vya mkaa pembeni, 65,000, na miwani, na nguo za mikono mirefu, na watoto walienda kwa bibi yao wikiendi zote za kupiga rangi. Naambiwa wenye uwezo wanatumia ya kuletewa hewa safi kwa mpira, ndo inayotakiwa hasa. Nimeona mafundi wanafunga leso puani wananywa maziwa baadae eti yanasafisha kifua, nawapenda lakini hapana.

Puti (ile ya kujazia mabonde kwenye bati) na msasa sina mengi, kila mtu anajua msasa unachosha. Nimesugua jumamosi za wiki tano, msasa namba 80 kwenye puti, 180, 320, afu 400 na 600 za maji kwenye praima. Kilichonisaidia kuliko vyote hakikuuzwa, ni sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu. Nikaifunga kitambaa nikaitembeza gari nzima, inashika, inashika, kufika madigadi ya kulia inateleza chini kama haijui bati ni nini. Nikakwangua, puti nene kama chapati mbili, chini yake tobo. Baba mkubwa nilipomuuliza akasema "aa hapo ni mambo ya zamani" akabadilisha mazungumzo. Na huo mlango wa kulia nao, kitambaa chenye thina kikatoka cheupe chote, maana yake ulishawahi kupigwa rangi ya kawaida ile, na 2K ukiipiga juu ya hiyo inaweza kuikunja ikawa kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, kwahiyo mlango wote nikaukwangua mpaka bati. Nilichukia ila ningechukia zaidi baadae.

Matobo ya nyuma sikuchomelea mwenyewe. Nilimwita fundi mwenye gesi, 80,000 kwa matobo manne, akakata kutu yote akaweka bati jipya. Jirani alinishauri nitumie ile mashine ya umeme ya kuchomelea mageti, bati la gari ni chini ya milimita moja, ile inatoboa tu. Ndani ya hizo sehemu nikapaka dawa ya kutu inayogeuka nyeusi afu praima, ila ijulikane dawa ya kutu ni kwa kutu iliyobaki kidogo, sio ya kuzibia tobo.

Siku ya rangi yenyewe ilikuwa jumapili ya mwezi wa 8, hakuna mvua. Turubai juu, nailoni pembeni, chini nimemwaga maji vumbi lilale. Sikuanza alfajiri kama nilivyoshauriwa, asubuhi mapema huku kwetu kila kitu kina umande, nilisubiri mpaka saa tatu bati likakauka, nikamaliza paa, boneti na buti kabla upepo wa bahari haujaanza kupandisha mchana. Umeme ulikatika mara moja katikati ya boneti, nikakaa chini nikaangalia juu. Tangi lilikuwa limejaa, na hiyo bunduki ndogo ilitosha kumalizia mpito ule niliokuwa naupiga, ingekuwa ile ya kwanza nisingefika hata robo. Inzi wawili walitua kwenye paa, mmoja nimemtoa kwa sindano, mwingine bado yupo, watoto wamempa jina.

Milango na ubavuni nikapiga jumapili iliyofuata. Hapo rangi ililia machozi sehemu tatu kwa sababu bati limesimama na mimi nilikuwa na haraka, machozi mawili nimeyaondoa kwa msasa wa 1500 na 2000 na polishi baada ya wiki, la tatu lipo chini karibu na tairi halionekani. Na kuna kesi ya mama jirani. Nailoni yangu ilikuwa na upenyo upande wa ukuta, upande wa pili amenika kanga, jioni kaja nayo mkononi haongei, ameikunjua tu mbele yangu, vidoa vyeupe kama nyota. Nimemnunulia doti nyingine. Kanga yenye nyota anavaa hata hivyo, anasema imependeza.

Sasa gari ilivyo. Ukiwa mita mbili ni nzuri sana, watu wananiuliza nimepiga wapi. Ukisogea utaona paa ina ganda la chungwa kidogo na mlango wa nyuma kushoto, ule wa majaribio, una mng'ao tofauti na wenzake. Rangi imelandana, hilo sina wasiwasi nalo, na kwa vile nimebaki na nyeupe ileile sijahangaika na habari za kubadilisha rangi kwenye kadi ya gari. Imepita masika moja, hakuna ilipovimba mpaka sasa.

Hela je? Kompresa, bunduki mbili, rangi, lile kopo la friji, praima, puti, msasa, barakoa, fundi gesi, mpira, kichujio, plagi iliyoyeyuka na doti ya kanga, inagonga milioni moja na laki mbili na ushee. Yaani ileile ya gereji, wikiendi zangu za miezi mitatu sijazihesabu. Kama lengo lako ni kuokoa hela kwenye gari moja, nenda gereji yenye chumba cha kupigia rangi ukamwambie fundi akuonyeshe kopo la hadna. Ila vifaa vimebaki, shemeji yangu ana Carina TI ameshaanza kuja kunisalimia mara kwa mara bila sababu.

Ile HVLP ya mwanzo naiuza elfu arobaini, imepiga mlango mmoja tu na nimeiosha, anayeitaka awe na kompresa ya mkanda, pampu ya silinda mbili, lita 100 kwenda juu. Mwenye lita 50 simuuzii.